KUPIMA NI SEHEMU YA TIBA

Mwanamke wa Handeni au wa Korogwe anapoambiwa kwamba uvimbe ulio katika titi lake ni saratani, hapo ndipo safari yake inapoanza. Atakwenda Ocean Road, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi, kutiwa mshipani dawa za kuua saratani, mara nyingi kila baada ya wiki tatu, kwa muda wa miezi minne hata sita. Kila zamu ina nauli yake, malazi yake na siku za kazi zilizopotea. Nywele humnyonyoka, damu humpungua, na baadhi ya dawa hizo zaweza kuudhuru moyo. Yote hayo huyavumilia kwa tumaini moja tu, kwamba uvimbe unakufa. Je, ni nani amwambiaye mapema kama unakufa kweli?

Swali hilo si dogo. Saratani ya titi si ugonjwa wa namna moja. Dawa iliyouyeyusha uvimbe wa mmoja yaweza isiuguse wa mwenzake. Kwa miaka mingi daktari alijua hali ya uvimbe kwa kuupapasa kwa mkono. Lakini huko Marekani, kati ya mwaka 2002 na 2006, wanawake waliopewa dawa kabla ya kupasuliwa walipigwa pia picha kwa mashine ya MRI, itumiayo nguvu ya sumaku na mawimbi ya redio. Walipigwa picha kabla ya dawa, baada ya zamu ya kwanza, katikati ya tiba, na kabla ya upasuaji. Habari za wanawake 216 kati yao zilitangazwa mwaka 2012: picha hizo zilitabiri matokeo ya tiba vizuri kuliko mkono wa daktari, na ubora wake ulionekana zaidi pale ujazo wa uvimbe ulipopimwa mapema, tiba ikiwa ingali changa.

Picha si hakimu wa mwisho. Yaweza kukosa mabaki madogo, na hata baada ya upasuaji hapana budi nyama iliyokatwa ichunguzwe kwa darubini. Lakini daktari aliyeonywa mapema ana nafasi ya kufikiri upya. Aliyeonywa mwishoni hana.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya matajiri, na kwamba kuwasimulia habari za MRI watu wa Handeni wanaohangaikia maji ni mzaha. Hatukubaliani nao. Tajiri aliyepoteza miezi mitatu kwa dawa isiyomfaa anazo fedha za kuanza tena. Mwanamke aanikaye singa katika shamba la mkonge Korogwe hana. Mbuzi amekwisha kuuzwa kwa nauli ya kwanza. Basi, kati ya hao wawili, ahitajiye zaidi habari za mapema ni maskini.

Hata hivyo tusidanganyane. Wagonjwa wengi wa nchi yetu hufika hospitali ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne, na hapo mashine peke yake haiokoi. Shirika la Afya Duniani limeweka malengo matatu: asilimia 60 au zaidi ya saratani za titi zitambuliwe katika hatua mbili za kwanza; uchunguzi ukamilike katika siku 60; na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize tiba yao. Malengo hayo hayaanzii kwenye MRI. Yaanzia kwenye zahanati ya kijiji, kwa mganga ambaye hamrudishi mwanamke nyumbani na vidonge vya maumivu.

Wala hatudai mashine hiyo kila wilaya. Twadai kwamba uvimbe upimwe kila zamu, kwa rula na kwa ultrasaundi inapopatikana, na kipimo kiandikwe katika kadi ya mgonjwa. Kwamba MRI itumike kwa wale ambao picha yaweza kubadili tiba yao. Na kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, katika utekelezaji wake, ikihesabu kipimo hicho kuwa ni sehemu ya tiba wala si anasa.

Waajiri nao wana wajibu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, na 63 kwa nusu. Kibarua wa kutwa hana hakika hiyo, naye ndiye aachaye tiba katikati.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Akina mama wasifiche uvimbe, na waume wasiwazuie. Lakini mwanamke aliyekwisha kujitokeza ana haki ya kujua, tena mapema, kama dawa anayovumilia inamponya.