Risala ya Wananchi wa Issuna kwa Mgeni Rasmi: Miamba Yetu Nayo ni Kivutio

Ndugu Mgeni Rasmi,

Sisi ni wananchi wa Issuna, Wilaya ya Ikungi. Umekuja kwa barabara ya lami: kutoka hapa hadi Manyoni ni kilomita 54, na hadi Singida mjini ni 63. Kila siku mabasi ya Mwanza na malori ya Rwanda, Burundi na Kongo hupita mbele ya nyumba zetu. Abiria huona mawe makubwa yaliyobebana, wengine hutoa simu wakapiga picha gari likiwa mwendoni. Hakuna anayeshuka. Hilo ndilo linalotuuma.

Mwaka 2024 nchi yetu ilipokea wageni 2,141,895 kutoka nje. Ukiuliza walikokwenda, utatajiwa Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na fukwe za Zanzibar. Hatuwaonei wivu wenzetu. Tunachokikataa ni jibu tunalopewa kila tunapopeleka ombi: kwamba mtalii anapenda wanyama na bahari, mawe na mambo ya kale hayamvuti.

Ndugu Mgeni Rasmi, itazame Olduvai. Mgeni anayesimama pale haendi kutazama simba. Anaenda kuona bonde ambamo Mary Leakey aligundua fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus mwaka 1959. Anasimama kwa sababu bonde liko katika njia ya kutoka kreta ya Ngorongoro kwenda Serengeti, kuna makumbusho, na kuna mtu wa kumweleza. Sasa watazame jirani zetu wa Kondoa. Michoro yao ya miambani iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, orodha ileile yenye Serengeti, lakini magari ya watalii kule ni ya kuhesabu. Yote mawili ni mambo ya kale. Kilichomtajirisha mmoja ni njia na maandalizi. Sisi njia tunayo, tena ya lami.

Liko pia jambo la dhahabu ya Sekenke. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa imepamba moto, Wajerumani walitengeneza mjini Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15. Dhahabu hiyo ilichimbwa Sekenke, Iramba, mkoani humu humu. Upande mmoja wa sarafu wakaweka tembo, na nyuma ya tembo huyo mlima. Leo wakusanyaji wa sarafu ng'ambo huzigombania kwa bei kubwa, na mtoto wa Singida anamaliza shule hajawahi kuiona hata picha yake. Dhahabu ilikuwa yetu, sura ikawa ya tembo na mlima. Miaka zaidi ya mia imepita, na utalii bado unatangazwa vilevile.

Wakati tunasubiri, miamba inakwisha. Mama zetu wanagonga kokoto juani ili watoto wapate daftari, na hatutasimama hapa kuwalaumu. Lakini mwamba ukishapasuliwa haurudi, na hakuna aliyewahi kuja kutuambia upi uachwe na upi uvunjwe.

Kwa hiyo tunadai, kabla ya yote, miamba yetu ikaguliwe na wataalamu wa mambo ya kale, itakayofaa itengwe kwa mipaka inayoonekana, na wagonga kokoto waoneshwe eneo lingine siku hiyohiyo, si baada ya kufukuzwa. Tunadai kibao barabarani na maegesho ambapo basi linaweza kusimama nusu saa, ili abiria apande mwambani, ale kuku wa kienyeji, anunue asali na mafuta ya alizeti, aingie kwenye nyumba ya tembe na kuelezwa Wanyaturu waliishije. Vijana wetu wafundishwe kazi ya kuongoza wageni hapahapa. Wanaijua Issuna kuliko atakayeletwa. Na abiria wa Kitanzania atakayeshuka ahesabiwe kuwa mtalii, maana kivutio kisichohesabiwa wageni kitaendelea kuitwa kisichopendwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba majibu kwa maandishi, yasomwe katika mkutano wa hadhara hapa Issuna kabla ya mavuno ya alizeti. Ukimaliza kula, wazee watakupeleka mwambani.