Toka Kikanisa cha Medali Hadi Picha ya Wakulima



Mwezi uliopita alifika ofisini kwangu mzee mmoja wa kigango chetu cha mbali, amekuja kuchukua cheti cha ubatizo cha mjukuu wake. Nilipokuwa nikifunua daftari, yeye aliiangalia kadi niliyoibandika ukutani: mume na mke wamesimama shambani, wameinamisha vichwa, na kikapu kiko chini katikati yao. Akaitazama kitambo, kisha akauliza, "Mwalimu, hawa wanamzika nani?" (Watu wa hapa bado waniita Mwalimu kwa sababu ya kile chuo nilichosoma, ingawa kazi yangu sasa ni madaftari na mihuri.)

Nikamjibu kwamba hawaziki mtu. Hakuridhika. Basi nimeona heri nieleze katika safu hii jinsi nilivyoipata picha ile, maana niliifikia kwa miguu yangu mwenyewe.

Wengi wenu mwajua ya kwamba mwaka juzi nilifuatana na mahujaji wa jimbo kwenda Lourdes, nauli ikiwa imechangwa na jumuiya zetu ndogondogo. Katika kurudi tulipita Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tukapata siku moja ya mapumziko. Mtu tuliyeahidiwa kwamba atatutembeza mjini hakutokea. Tulimngoja hata saa tatu ya asubuhi, na wenzangu wakaamua kwenda madukani. Mimi nilikuwa na agizo la mama yangu. Nikaomba ramani ya karatasi pale nyumba ya wageni, nikatoka peke yangu.

Agizo lenyewe lilikuwa hili. Mwaka 1994 mdogo wangu wa kike alifariki kwa surua, hajatimiza miaka miwili. Mama alivua medali yake ya Bikira Maria, ile aliyopewa na Masista siku ya Komunyo yake ya kwanza, akamvika mtoto, na mtoto akazikwa nayo. Tangu siku ile mama hakuvaa nyingine. Watu walimpa mara nyingi. Alishukuru, akawagawia wengine. Lakini aliposikia kwamba nitapita Paris alisema, "Huko ndiko zilikotoka. Niletee moja ya hukohuko, kisha umtaje mwenzio mbele ya Bikira Maria."

Nilishuka kwenye treni ya chini ya ardhi katika kituo cha Sèvres-Babylone, nikaulizia Rue du Bac. Mlango ni namba 140, nao ni rahisi kuupita bila kuuona, kwa kuwa uko karibu na duka moja kubwa mno liitwalo Le Bon Marché. Nilitazamia lango kubwa na minara. Kumbe ni mlango wa kawaida, kisha uchochoro, na mwisho wake kikanisa. Kuingia hakuna malipo. Watu walikuwa wamejaa kimya: Wafilipino, Wapolandi, na kina mama Waafrika wamejifunga vilemba. Hapo nilipata nguvu, maana tangu asubuhi nilikuwa naona haya kwa viatu vyangu.

Hapa ndipo Mtakatifu Katarina Labouré alipokuwa novisi wa Mabinti wa Upendo wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Alizaliwa mwaka 1806 katika kijiji cha Fain-lès-Moutiers, mtoto wa mkulima. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka tisa, na baada ya muda si mrefu ikawa ni yeye msichana anayeangalia nyumba ya baba yake, kupika na kulisha njiwa. Shule hakuijua. Usiku wa tarehe 18 Julai 1830 aliamshwa na mtoto aliyempeleka katika kikanisa hiki, akamwona Bikira Maria ameketi kitini, akaiweka mikono yake juu ya magoti yake. Tarehe 27 Novemba mwaka uleule alionyeshwa mfano wa medali. Zile za kwanza zilitengenezwa mwaka 1832, wakati kipindupindu kilipokuwa kikiua watu mjini Paris, na Masista wakawagawia wagonjwa. Tazameni zile mlizovaa shingoni, kama hazijasagika: mtaona mwaka 1830, na upande wa nyuma herufi M, msalaba, mioyo miwili, na nyota 12.

Lakini kilichonigusa zaidi ni habari nyingine. Baada ya hayo Sista huyu alitumwa kuwatunza wazee katika nyumba ya maskini, akakaa huko zaidi ya miaka 40, wala Masista wenzake hawakujua kwamba ndiye. Medali zilienea dunia nzima, naye akafagia na kutunza kuku. Alifariki tarehe 31 Desemba 1876, akatangazwa Mtakatifu mwaka 1947. Mwili wake umelazwa ndani ya kioo chini ya altare moja, upande wa kulia. Nilipiga magoti pale nikalitaja jina la mdogo wangu, kwa sauti ndogo. Sikuwa nimelitamka jina lile kwa miaka mingi. Kisha nikanunua medali, moja ya mama na nyingine za akina mama wa WAWATA, za bati jepesi, bei ndogo.

Ilikuwa bado mchana, na ndege yetu ni ya kesho. Katika ramani niliona kwamba Rue du Bac yashuka moja kwa moja hadi mto Seine, na kando ya mto pameandikwa Musée d'Orsay, yaani nyumba ya makumbusho ya sanaa. Jina hilo nililikumbuka. Chuoni mkufunzi wetu alikuwa na kitabu cha picha, na chini ya picha moja ya wakulima niliwahi kusoma jina lile. Toka kikanisani hadi pale ni kilomita moja na kidogo. Huo ni mwendo wa mtu wa kwetu kwenda kuchota maji.

Neno "bac" maana yake ni kivuko. Katika karne ya 16 palikuwa na pantoni mwisho wa njia hii, la kuvusha mawe ya kujengea jumba la kifalme ng'ambo ya pili. Mawe yalipita, jumba likajengwa, nalo siku hizi halipo; jina la kivuko ndilo limebaki.

Ukitoka kikanisani geuka kushoto, uende namba za nyumba zikipungua. Namba 128 ni seminari ya Mapadre wa Misioni za Nje za Paris, waliopeleka Injili Asia, na wengi wao waliuawa huko kwa ajili ya dini. Hao sio waliofika kwetu. Wamisionari waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambalo nalo lina nyumba ya kale mjini humo, katika Rue Lhomond.

Namba 46 ndipo nilipopoteza nusu saa, wala sijuti. Ni duka la Deyrolle, lililoanzishwa mwaka 1831, na tangu 1888 liko mtaani hapo. Nilipanda ngazi, na mbele yangu nikamkuta simba amesimama! Karibu naye punda milia. Si hai, ni ngozi zilizojazwa kwa ustadi hata macho yang'aa. Mwaka 2008 moto uliteketeza sehemu kubwa ya duka, wakalitengeneza upya. Wafaransa walikuwa wakiwaonyesha watoto wao wanyama wa kwetu, nami nikajifanya ndiyo mara yangu ya kwanza kuwaona. Zaidi nilivutwa na chati za ukutani za kufundishia shuleni, za mimea, wadudu, na mwili wa binadamu, ambazo duka hilo lilizichapa kwa miaka mingi. Laiti ningalikuwa na chati moja kama ile nilipofundisha mazoezi darasa la tano, nisingalichora moyo wa binadamu uliofanana na embe.

Ukikaribia mto utaliona daraja la Pont Royal, lililomalizika mwaka 1689. Usilivuke. Geuka kushoto, ufuate ukingo, nawe utaiona nyumba kubwa yenye saa mbili za ajabu ukutani. Ilijengwa kuwa stesheni ya reli kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1900. Baadaye treni zikawa ndefu kuliko majukwaa yake, stesheni ikakosa kazi, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Jumatatu hufungwa, Alhamisi huwa wazi hata usiku. Kiingilio si kidogo, nami nililipa kwa fedha niliyokuwa nimeiweka ya chakula cha jioni.

Picha niliyoitafuta ni ndogo. Kimo chake ni sentimita 55 na nusu, upana 66. Watu wengi huipita wakikimbilia picha za rangi kali za ghorofa ya juu. Yaitwa "L'Angélus", yaani sala yetu ya Malaika wa Bwana. Aliyeichora kati ya miaka 1857 na 1859 ni Jean-François Millet, naye pia mtoto wa wakulima, aliyezaliwa mwaka 1814. Mume ameshika kofia mikononi. Uma wake wa kuchimbia umesimama udongoni. Mke amekunja mikono kifuani. Nyuma yao kuna toroli lenye magunia, na mbali kabisa mnara wa kanisa la kijiji cha Chailly. Kengele imelia, wameacha viazi, wanasali. Millet mwenyewe alieleza kwamba aliichora akimkumbuka bibi yake, ambaye kengele ikilia aliwasimamisha wote kazi shambani ili wawaombee marehemu maskini.

Millet alikufa mwaka 1875, hakuwa tajiri. Mwaka 1889 picha hiyo ikauzwa mnadani kwa faranga 553,000, na familia yake haikupata kitu. Sisi tunaolima kahawa habari hiyo twaielewa bila kufafanuliwa. Mwaka 1920 Wafaransa walitunga sheria ya kuwapa wachoraji na warithi wao sehemu ya bei kila picha iuzwapo tena.

Sasa narudi kwa mzee wangu, ambaye huenda alinicheka aliposikia jibu langu. Mzee, hukuwa peke yako. Mchoraji mashuhuri wa Hispania, Salvador Dalí, alishikilia maneno yaleyale yako: kwamba wale wanamlilia mtoto wao, na pale penye kikapu palikuwa na jeneza. Picha ilipopigwa eksirei, chini ya rangi pakaonekana umbo kama la sanduku. Kama ni jeneza, au ni kitu kingine mchoraji alichokifuta, wataalamu hawajapatana.

Wakati ule nimesimama mbele ya picha sikuyajua hayo. Nilisimama tu, na medali mfukoni, hata mlinzi akaanza kunitazama. Nilinunua kadi yake nikaondoka.

Mama alipokea medali, akaibusu, akaivaa palepale bila neno. Kadi aliishika muda mrefu zaidi. Nilipokwisha kusoma baadaye habari za Dalí na lile sanduku, niliogopa kumwambia, mwishowe nikamwambia. Akaomba kadi aitazame tena, akaisogeza karibu na macho. "Hapana," akasema. "Huyu mama hajazika. Aliyezika mtoto hawezi kusimama wima hivi. Hivi ni viazi."

Jumapili iliyopita, baada ya Misa, nilimpelekea mzee jibu hilo. Alilisikiliza kwa heshima, maana amjua mama yangu na yaliyompata. Lakini hakukubali. Asema hajapata kumwona mwanamume anayevua kofia kwa ajili ya viazi.