Kuku wa kuhaririwa jeni: Mbegu ibaki kwa mfugaji

MFUGAJI wa kuku wa kienyeji wa Singida au Dodoma anaufahamu mdondo kuliko mtaalamu yeyote wa maabara. Ugonjwa huo, ambao wengine huuita kideri, huingia kijijini kimyakimya, na kabla ya wiki kwisha banda hubaki manyoya tu. Kinachopotea si kitoweo peke yake. Ni ada ya shule, ni nauli ya kwenda hospitali, ni fedha ya kununulia mbegu za mahindi.

Kwa sababu hiyo, habari kwamba wanasayansi wanaweza kumpata kuku asiyeshikwa na maradhi kwa urahisi haipaswi kuachiwa wanasayansi pekee. Ni habari ya uchumi wa kaya.

Oktoba 2023, watafiti wa Taasisi ya Roslin ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, pale alipozaliwa kondoo Dolly mwaka 1996, walitangaza kwamba wamepata kuku wenye uwezo wa kuhimili mafua ya ndege. Walishirikiana na wenzao wa Imperial College London na Taasisi ya Pirbright.

Hawakumpandikizia kuku jeni ya kiumbe kingine. Walibadilisha sehemu ndogo sana ya jeni yake mwenyewe iitwayo ANP32A, ambayo kirusi cha mafua hukitegemea kile inachokitoa ili kuzaliana ndani ya seli. Kwa kuwa yai linapotagwa tayari huwa na maelfu ya seli, kazi hiyo haifanyiki kwenye yai lenyewe. Huchukuliwa seli changa ambazo baadaye zingekuwa mbegu za uzazi, zikahaririwa maabara, kisha zikarudishwa kwenye kiinitete kingine.

Matokeo yake yanatia moyo, lakini yanaonya pia. Kuku 10 waliohaririwa walipopewa kirusi kwa kiwango cha kawaida, tisa hawakuambukizwa. Kiwango kilipoongezwa mara 1,000, nusu yao waliambukizwa. Zaidi ya hapo, kirusi kilianza kujibadilisha ili kupita mlango mwingine. Kwenye seli za maabara, watafiti walilazimika kuziondoa jeni tatu kwa pamoja ndipo kikashindwa kuzaliana.

Funzo la kwanza ni kwamba kuku huyo si mbadala wa usafi wa banda wala wa chanjo. Mfugaji atakayeambiwa kuwa akinunua kifaranga cha aina hiyo hana haja ya kuchanja, atakuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Funzo la pili linawahusu moja kwa moja wafugaji wa hapa nchini. Kazi ya Edinburgh ililenga mafua ya ndege, ilhali mdondo huletwa na kirusi kingine kabisa. Tena kwa mdondo dawa ya kuuzuia ipo. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), huhimili joto kuliko chanjo nyingi, na hutolewa kwa tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu.

Tatizo la chanjo hiyo si sayansi bali ni biashara. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, na ikishafunguliwa na kuchanganywa haikai. Kijiji kisichokuwa na mchanjaji wa kuwaunganisha majirani siku moja hukosa kinga ambayo gharama yake kwa kila kuku ni ndogo sana. Taifa lisiloweza kufikisha tone la jicho kijijini lisijidanganye kwamba litafikisha kuku wa maabara.

Lakini swali kubwa zaidi ni la mbegu. Kuku wa nyama wengi duniani leo asili yao ni makampuni mawili, Aviagen na Cobb-Vantress. Mfugaji wa kuku hao hana mbegu yake. Kila mzunguko hununua vifaranga vya siku moja, akawalea wiki chache, akauza, akarudi dukani. Kwake kuku aliyehaririwa atakuwa ongezeko la bei ya kifaranga, na atalipima kwa kulinganisha na vifo alivyoviepuka. Hesabu yake ni nyepesi.

Hesabu ya mwenye kuku wa kienyeji ni tofauti. Mtaji wake ni tetea anayetaga, akaatamia na kulea mwenyewe. Kinga ya aina ya Edinburgh hutegemea kifaranga kurithi jeni iliyohaririwa kutoka kwa baba na mama. Jogoo wa jirani asiye nayo akiingia uani mara moja tu, vifaranga hawatarithi kinga hiyo kikamilifu. Mfugaji atalazimika kufungia kuku wake au kununua mbegu upya. Hapo mwenye tetea atakuwa amegeuzwa mteja wa kudumu.

Je, sayansi hii ikataliwe? Hapana. Inapaswa kuelekezwa kwenye kuku ambao tayari wako mikononi mwa mfugaji. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), kwa ushirikiano na watafiti wa Marekani, kimechunguza jinsi kuku wa asili, wakiwamo kuchi na ching'wekwe, wanavyokabiliana na kirusi cha mdondo. Utafiti huo ulionyesha kuwa sehemu ya tofauti baina ya kuku na kuku ni ya kurithi. Maana yake, katika mabanda ya vijijini kuna utajiri ambao hakuna kampuni iliyoutengeneza.

Aidha, seli zilezile zinazotumika katika kuhariri jeni zinaweza kugandishwa na kuhifadhiwa, ili aina ya kuku isipotee hata maradhi yakifyeka kijiji kizima. Hiyo pekee ni sababu tosha ya wataalamu wa Tanzania kujifunza mbinu hiyo sasa.

Sheria nazo zisisubiri. Kanuni za Tanzania za usalama wa bioteknolojia ni za mwaka 2009, miaka mitatu kabla wanasayansi hawajatangaza kifaa cha CRISPR kilichorahisisha uhariri wa jeni. Kenya ilitoa mwongozo mahususi wa uhariri wa jeni mwaka 2022. Serikali ikiandaa wake, usiishie kwenye usalama wa mlaji. Useme pia nani atamiliki kuku aliyetokana na kuchi wa Tanzania, na kama mfugaji atakuwa huru kumtotolesha bila kulipia tena.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuku huyu mgeni akaribishwe kwa sharti hilo. Kabla hajafika, chanjo iwe imefika kwanza, na mwenye tetea abaki mwenye mbegu.