Jumamosi Zako Usiziuze Zote

Mwanafunzi akipata nafasi ya kwenda kusoma nje, awe anatokea Tanga, Bukoba au Songea, kuna maneno lazima aambiwe kabla hajaondoka: "Unakwenda kusoma, huendi kutembea." Mimi niliambiwa na baba mdogo, nikaambiwa na shangazi, na kwenye semina ya maandalizi nikaambiwa tena kwa kipaza sauti. Nimerudi baada ya mihula miwili Brisbane, Australia, na kwa heshima zote kwa wakubwa zangu, ushauri ule sikubaliani nao. Naandika sasa kwa sababu najua kuna wenzetu wako kwenye kujaza fomu.

Maoni yangu ni haya: wikiendi na marafiki ni sehemu ya masomo, na anayeziuza zote kwa kazi ya kibarua anarudi na cheti tu.

Nasema "kuziuza" kwa maana yake halisi. Viza ya mwanafunzi wa Australia inakuruhusu kufanya kazi saa 48 katika kila wiki mbili wakati masomo yanaendelea, na wakati wa likizo hakuna kikomo. Halafu sheria zao za malipo zinaithamini wikiendi kuliko siku za kazi. Kwenye hoteli, kibarua analipwa asilimia 125 ya kiwango cha msingi siku za kawaida, 150 Jumamosi na 175 Jumapili. Sasa mpe hesabu hiyo mtoto wa mkulima aliyezoea kusubiri bumu mpaka macho yanamtoka. Anaosha vyombo vilevile, kwenye sinki lilelile, lakini Jumapili anapata zaidi. Kila shifti anaizidisha kwa shilingi kichwani. Nani atakwenda ufukweni?

Na sisemi watu wasifanye kazi, jamani. Nimefanya kazi mimi mwenyewe, jikoni, Jumapili kuanzia asubuhi, na pesa ile ililipa kodi ya chumba na ikamnunulia mama cherehani. Wapo wanaojilipia ada wenyewe, wapo wenye wadogo zao wanaowasubiri kila mwisho wa mwezi. Mtu huyo ukimwambia "tembea ufurahie maisha" atakuona huna akili, na atakuwa na haki. Ninachosema ni kwamba katika mwezi kuna Jumamosi nne. Uza mbili. Uza tatu ukibanwa. Usiuze zote.

Nilikuwa naishi nyumba moja na kaka mmoja wa Mbeya, tulikuwa watu watano tunagawana kodi. Mtu mpole, mchapakazi, hajawahi kumkosea mtu. Kwa mwaka wote alikuwa anatoka chuo anaingia kazini, na wikiendi ndiyo kabisa humwoni. Mwezi wa nane akaugua ghafla, akalazwa siku tatu. Pale hospitali walimwomba jina na namba ya mtu wa kupigiwa likitokea lolote, akaandika namba ya mama yake. Saa tatu asubuhi ya Brisbane ni saa nane usiku kwetu. Mama wa watu aliamshwa na simu ya Kiingereza asichokielewa, akakaa kitandani mpaka alfajiri akijua mwanawe amekufa. Sisi wanne tuliokuwa tunaishi naye tulipata habari siku ya pili. Hatukuwa maadui zake, tulikuwa tunasalimiana vizuri tu jikoni. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa naye saa nzima.

Huyo ndiyo sababu ya mimi kuandika. Mengine ni nyongeza.

Kwetu hapa urafiki hauhitaji ratiba. Unapiga hodi, unakaribishwa, unakuta ugali unaokaribia kuiva. Kule hodi hakuna. Mtu anakuuliza Jumanne kama una nafasi Jumamosi ya wiki ijayo, saa ngapi hadi saa ngapi, na anaiandika kwenye simu. Mwanzoni nilidhani wanaringa. Baadaye nikaelewa kwamba wanaposema "siku moja tuonane" ni kama sisi tunavyosema "karibu chakula" kwa mpita njia, adabu tu, wala usianze kunawa mikono. Ukitajiwa tarehe, hapo ndipo umealikwa kweli. Na tarehe hiyo, mara nyingi mno, ni ya wikiendi. Aliyeuza wikiendi zote ataalikwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha wataacha kumwalika. Hawamchukii. Wanaona wanamsumbua.

Halafu kuna mambo ambayo hakuna mhadhiri atakayekufundisha. Ukialikwa, ukaambiwa "bring a plate", maana yake uje na chakula cha kugawana. Kuna hadithi nyingi za wahamiaji wa zamani waliokwenda na sahani tupu, wakidhani mwenyeji hana vyombo vya kutosha. Kuna na kitu wanakiita "shout": mmoja ananunua vinywaji vya kundi zima, zamu inayofuata ni ya mwingine. Mimi sinywi pombe, nakunywa soda ya tangawizi, lakini zamu yangu ilikuwepo palepale. Atakayekunywa raundi tatu za wenzake akaondoka kabla ya yake, watamkumbuka. Kwetu tungemwita mdoezi, kwa hiyo hapo tunaelewana vizuri.

Kuhusu gharama, watu wanadhani kutembea Australia ni mambo ya matajiri. Chumba ni ghali kweli, chakula ni ghali. Matembezi, hapana. Tangu Agosti 2024 serikali ya jimbo la Queensland iliweka nauli ya senti 50 kwa safari, iwe basi, treni, tramu au kivuko cha mtoni, uende karibu uende mbali, na mwaka 2025 ikaifanya ya kudumu. Ukipanda treni mjini Brisbane ukaunganisha na tramu pale Helensvale, senti 50 hizohizo zinakufikisha Surfers Paradise, kwenye bahari kuu. Na ukibaki mjini, kuna South Bank kando ya mto, eneo lililofanyika maonyesho ya kimataifa ya 1988, na mwaka 1992 likafunguliwa kuwa bustani ya watu wote. Ndani yake kuna ufukwe wa kutengenezwa, mchanga kabisa na maji ya kuogelea, na waokoaji wanaangalia. Bure.

Bustani nyingi zina majiko ya umeme ya kuchomea nyama, nayo bure. Ni bamba la chuma juu ya meza ya matofali, unabonyeza kitufe linapata moto. Unachoma, unakula, unalifuta kwa ajili ya anayefuata. Mimi Mwislamu, na bamba moja linachoma kila aina ya soseji, nyingine za nguruwe, basi mara ya kwanza nilikaa na saladi yangu kimya. Mara ya pili yule mwenzetu wa Kolombia akaja na foili, akatandika upande mmoja wa bamba, akasema huu ni upande wako, mtu asiuguse. Hakuna aliyemtuma. Wiki iliyofuata nikaenda bucha la halali nikaja na mishikaki, na ule upande wangu ukavamiwa na wote mpaka foili ikatoboka. Darasani tulikuwa tumekaa meza moja wiki sita bila kujuana majina vizuri.

Na hapa niseme kama mwanafunzi wa elimu. Sisi tunaosoma saikolojia ya elimu tunalijua jina la Vygotsky, yule Mrusi aliyesisitiza kwamba mtu hujifunza kwanza akiwa na wenzake ndipo ujuzi unakuwa wake. Tunalijua la kujibia mtihani. Mimi Kiingereza cha kuandika insha nilikwenda nacho, nilikuwa napata alama nzuri tu. Kiingereza cha kukatiza maneno ya mtu, cha kutania, cha kusema "hapana, hujanielewa" bila kuonekana mkorofi, hicho sikuwa nacho, na kwenye semina ndicho kinachohitajika. Nilikipata kwenye treni ya kwenda Gold Coast na kwenye foleni ya aiskrimu. Mhula wa pili nilikuwa naongea semina mpaka mwalimu ananiomba niwape na wengine nafasi.

Siku iliyonifundisha kuliko nyingine ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, baridi yao. Mwenzetu mmoja mwenyeji, anayesomea ualimu wa shule ya msingi, alitupeleka kisiwa cha North Stradbroke. Unapanda treni hadi Cleveland, kisha boti, na boti hiyo ina nauli yake, si ya senti 50. Kisiwa chenyewe kina jina la asili, Minjerribah, la watu wa Quandamooka waliokuwepo kabla hajafika Mzungu yeyote. Tulitembea kwenye majabali ya Point Lookout tukaona nyangumi wakipita kwenda kaskazini, tukapiga kelele kama watoto. Lakini kilichonibakia ni habari ya mwalimu mmoja.

Kisiwa kile ndicho kwao Oodgeroo Noonuccal, mshairi aliyezaliwa 1920 na kufariki 1993, zamani akijulikana kama Kath Walker. Aliacha shule na miaka 13 akaenda kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za Wazungu. Mwaka 1964 akatoa kitabu cha mashairi, cha kwanza kuchapishwa na mwandishi Mwaborijini. Baadaye akarudi kisiwani, akajenga mahali alipopaita Moongalba, na pale akapokea maelfu ya watoto wa rangi zote, waje walale nje, watafute chakula ufukweni, wasikilize hadithi za mababu zake. Mtu aliyenyimwa darasa akafungua darasa lisilo na ukuta. Mimi nimesoma elimu miaka mitatu, nimekariri majina ya wanafalsafa wa Ulaya mpaka wa daraja la pili, na hilo jina nililipata nikiwa nakula chipsi kwenye kibaraza cha gati. Tulipokuwa tunarudi kwenye boti tukabishana, Mkolombia, Mnepali, yule mwenyeji na mimi, kama shule ya namna ile inaweza kupimwa kwa mitihani. Hatukukubaliana. Nilipofika nyumbani nikaandika ukurasa wa kwanza wa insha yangu ya mwisho wa mhula.

Kuna ushauri mwingine unaozunguka, kwamba ukifika huko kaa mbali na Waafrika wenzako ndipo utajua lugha. Huu nao ni wa kutupa. Mtaa wa Moorooka, kusini mwa Brisbane, una maduka na migahawa ya watu wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Nilikwenda kutafuta unga wa sembe, nikakutana na mama mmoja wa Kivu aliyenisalimia "uko naenda wapi, binti?" Nikajibu kwa Kiswahili changu cha Tanga, akacheka akasema naongea kama redio. Tangu hapo Jumamosi moja moja nilikuwa kwake, napikiwa sombe, nawasaidia wajukuu zake kazi za shule. Alifika Australia kama mkimbizi baada ya miaka kambini. Aliniambia mwaka wake wa kwanza hakuogopa kitu kama ukimya wa wikiendi, mtaa mzima milango imefungwa. Namba yake ndiyo niliyoandika kwenye fomu zangu zote, pale penye nafasi ya mtu wa kupigiwa simu.

Jambo moja la bahari, hasa kwa sisi wa Pwani tunaodhani maji tunayajua. Bahari ya Tanga imekingwa na miamba na visiwa. Gold Coast haina kinga hiyo. Mawimbi yanatoka wazi na kuna mikondo inayokuvuta kutoka ufukweni. Ogelea kati ya bendera za nyekundu na njano, basi. Pasipo na bendera usiingie, hata kama unaona watu. Ukivutwa, usipambane kurudi moja kwa moja, elea, inua mkono. Sikuambiwa haya kwenye semina ya maandalizi, niliambiwa na marafiki nikiwa nimeshavua viatu.

Semina ile ilikuwa ya saa tatu. Tulielezwa viza, bima, benki, mavazi, na namna ya kutolitia aibu jina la chuo. Naiomba serikali ya wanafunzi iongee na wanaohusika, ya safari hii iwe na nusu saa ya waliorudi kukaa na wanaoondoka, bila kipaza sauti na bila wakubwa ukumbini, ili waulize wanayotaka. Tuliorudi mwaka huu tuko sita. Nimeshawauliza wote, wanne wamekubali, na mmoja wa hao wanne ni yule kaka wa Mbeya.