Tuijue Milima Yetu kwa Majina

Wanachuo wenzangu, tusidanganyane. Muulize mwanafunzi wa Morogoro ni mgeni gani maarufu aliyepita hapa zamani, atakutajia Stanley haraka. Muulize kile kilele kinachotazama mji kinaitwaje, ataanza kukuna kichwa. Ni Lupanga, ndugu yangu.

Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 kumtafuta Livingstone, akampata Ujiji Novemba mwaka huohuo. Njiani alipita hapahapa. Aliandika habari za Simbamwenni, mji aliouacha Kisabengo, wenye ukuta na minara ya mawe, Mto Ngerengere ukipita jirani na milima ya Uluguru ikiwa imeusimamia. Aliyetawala wakati huo alikuwa binti wa Kisabengo. Mbele zaidi, masika yaliukuta msafara kwenye tambarare ya Mkata. Watu wakavuka maji na tope, na wengi wakaugua.

Sasa jiulize, nani alijua njia? Kiongozi wa askari wa Stanley alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo, ambaye tangu 1857 alishatembea bara na Burton na Speke. Wapagazi nao walikuwa wakiipita njia hii na mizigo kichwani. Kwao mlima na mto havikuwa mandhari ya kupigia picha. Vilikuwa ndiyo ramani yenyewe.

Kwetu je? Sisi tunapanda Morningside, tunapiga selfi, tunashuka. Mimi nasema haitoshi. Ngerengere ndio unaojaza bwawa la Mindu, linalotupa maji hapa mjini, kisha unakwenda kuingia Ruvu, na maji ya Ruvu yananywewa Dar es Salaam. Mto usioujua hata jina, ukichafuliwa au ukipungua hutashtuka. Utalalamika tu kwamba bomba la bweni halitoi maji.

Pendekezo langu ni dogo. Katika wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza, siku moja tuache spika na muziki. Tuwapeleke ukingoni mwa Ngerengere na chini ya Lupanga, na wazee wa Kiluguru watusimulie wenyewe. Gharama yake ni nauli ya daladala na maji ya kunywa. Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, ratiba mnaipanga ninyi. Tunaisubiri.