Siku ya Kuuguza Mtoto si Siku ya Kupumzika

Ndugu wafanyakazi,

Matajiri wetu ni hodari wa hesabu. Leo nasi tuwape hesabu yetu.

Kati yetu wako wazazi wa watoto wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Chembe za damu hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa. Zikiziba mishipa ya ubongo, mtoto hupooza. Aliyekwisha kupatwa na kiharusi cha namna hiyo, madaktari hutaka aongezewe damu kila wiki 3 au 4, mwaka hata mwaka. Akikosa, kiharusi chaweza kurudi.

Kila wiki 4 ni mara 13 kwa mwaka. Na mara moja ni siku nzima: foleni alfajiri, kupimwa, kungoja damu inayolingana, kisha kukaa kando ya kitanda huku damu ikishuka tone kwa tone. Mtoto haachwi peke yake na sindano mkononi.

Sasa tazameni sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 yatupa likizo ya siku 21 kwa mwaka. Toeni 13, zabaki 8. Siku za ugonjwa zipo, 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, lakini ni za mfanyakazi mwenyewe akiugua. Mtoto wake hamo. Basi likizo ya mzazi huyu huishia hospitali. Zikimwishia siku naye akaenda bila ruhusa, kifungu cha 44 chamfungulia tajiri mlango wa kumfukuza papo hapo.

Matajiri husema, "Tukiwapa hawa, kesho kila mtu atadai ana mtoto mgonjwa." Twajibu: kadi ya hospitali ina tarehe na muhuri, na siku yajulikana mapema. Mashine ya kiwanda hupangiwa siku ya kutengenezwa, wala hakuna aiitaye mvivu. Je, mtoto wa mfanyakazi ni duni kuliko mashine?

Wengine husema, "Aende mama yake." Mama huyo naye ameandikwa kazi, na wengi hulea peke yao. Nanyi mnaonung'unika mwenzenu akikosa zamu, kumbukeni kuwa maradhi hayabishi hodi.

Mkataba Na. 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wasema kwamba majukumu ya jamaa peke yake si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Twataka neno hilo liandikwe katika mapatano yetu, pamoja na siku za kuuguza zenye mshahara, kwa baba na kwa mama, zisizokatwa katika likizo.

Wazazi, pelekeni kadi zenu kwa mjumbe wenu kazini, siku zihesabiwe. Wajumbe, mkiketi na tajiri, wekeni hesabu hiyo mezani pamoja na ile ya mshahara, wala msitie sahihi mpaka zote mbili zijibiwe.

Umoja ni nguvu.