Sebule Zetu Zimeelekea Wapi?



Ndugu zetu katika imani, wazazi pamoja na wanafunzi,

Kila mwaka Ramadhani inapoingia nyumba zetu hubadilika. Mkeka hutandikwa sebuleni, Msahafu huteremshwa kutoka juu ya kabati, televisheni huzimwa baada ya futari, na birika la udhu hukaa karibu na mlango. Mwezi mzima watu wanasoma, wanaamka mapema, wanakula pamoja. Kisha inakuja Idi. Mkeka unakunjwa, Msahafu unarudi juu, televisheni inawashwa. Mfungo mosi haujaisha, tabia zote njema zimeshakwenda. Hapo tunazilaumu nafsi zetu, tunamlaumu shetani, tunawalaumu vijana wa siku hizi. Hakuna anayeulizia ule mkeka uliokunjwa.

Sisi tunasema wazi: tabia nyingi tunazozililia zinatushinda kwa sababu nyumba zetu tumezipanga ili zitushinde.

Mgeni ana kiti, mtoto hana meza

Ingia katika nyumba zetu nyingi, iwe Mombasa au Kampala, Nyamirambo au Buyenzi. Viti vyote vimeelekea televisheni, kama kwamba hicho ndicho kibla cha nyumba. Kabati la vioo limejaa sahani za wageni wanaokuja mara mbili kwa mwaka. Meza nzuri imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki, na mtoto akithubutu kuweka daftari lake hapo anafukuzwa: "Toa hayo, wageni watakuja!" Mtoto huyo huyo ndiye anayeambiwa kila jioni: "Soma!" Asome wapi? Juu ya kitanda wanacholala watatu? Au sakafuni ukumbini, huku tamthilia ikipiga kelele?

Hatuyasemi haya kama watu tuliosalimika. Kijana wetu mmoja aliporudi na matokeo mabaya, tulimkalisha kikao, wajomba na mashangazi wakaitwa, kila mtu akatoa mawaidha yake. Mwisho tukamuuliza ana la kusema. Akajibu kwa sauti ndogo: "Nilikuwa nisomee wapi?" Tukatazamana. Sebule nzima tulikuwa tumekaa sisi, na ndivyo ilivyokuwa kila usiku wa mwaka ule. Swali lile halina adabu mbaya ndani yake. Aibu ilikuwa yetu.

Wako watakaosema huu ndio utamaduni wetu, mgeni ni baraka. Naam, mgeni ni baraka. Lakini tazameni nyumba za mawe za Lamu. Wazee waliweka daka mlangoni, lenye mabaraza ya kukalia, mgeni akapokewa hapo kwa heshima zake zote. Vyumba vya ndani vikabaki vya wenye nyumba. Wao pia walipenda mapambo, na zidaka zao walizipanga vyombo vya kaure. Lakini kila shughuli ilikuwa na mahali pake. Sisi tumemwingiza mgeni ndani hata siku ambazo hayupo, tukawatoa watoto wetu.

Mafundisho tunayo

Itban bin Malik (r.a.), sahaba wa Kiansari, macho yake yalikuwa yamedhoofu, na mvua ikinyesha bonde lilijaa maji akashindwa kuufikia msikiti. Alimwomba Mtume (s.a.w.) aje aswali nyumbani kwake, ili mahali hapo apafanye pa kuswalia. Mtume (s.a.w.) alikwenda pamoja na Abubakar (r.a.), akamuuliza anataka aswali upande gani wa nyumba. Itban akaonyesha pembe moja. Fikirini: sahaba huyu hakutegemea nia peke yake, alitaka pembe maalumu.

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba walikuwa wakimwandalia Mtume (s.a.w.) mswaki wake na maji yake ya udhu kabla hajaamka usiku kuswali. Na pazia lenye picha katika nyumba ya Bibi Aisha lilipomshughulisha katika swala, aliamuru liondolewe. Ikiwa yeye, mbora wa viumbe, aliondoa kinachoshughulisha na akawekewa tayari kinachosaidia, sisi tuna kiburi gani cha kusema tutajizuia tu kwa nguvu ya moyo, huku simu ikilala chini ya mto?

Nyudhuru tunazozisikia

"Nyumba yetu ndogo." Pembe ya msala mmoja inapatikana hata katika chumba kimoja. Mahali pasipopatikana, wakati unapatikana: kuanzia Magharibi hadi Isha sebule iwe darasa, na atakayetaka televisheni asubiri.

"Hatuna pesa." Kuondoa maua ya plastiki mezani ni bure. Kuteremsha Msahafu kutoka juu ya kabati hadi rafu safi ambayo mkono wa mtoto unaifikia ni bure. Kikapu kimoja cha kuwekea simu zote za nyumbani usiku, pamoja na za baba na mama, mnacho tayari jikoni. Kuandaa usiku maji ya udhu, sare ya shule na mkoba wa madaftari ni kazi ya dakika chache, nayo ndiyo inayoamua asubuhi ya kesho itakuwa ya utulivu au ya makelele.

"Mwenye nia husoma popote." Huu ndio udhuru tunaouchukia zaidi. Ni kweli wapo waliosoma chini ya taa ya barabarani wakafaulu, na tunawapongeza. Lakini waliokata tamaa chini ya taa ile ile hakuna anayewahesabu. Mzazi anayemtaka mwanawe awe shujaa ili yeye asisogeze kiti, huyo nia yake ndiyo ya kuulizwa kwanza.

Nanyi wanafunzi, msijifiche nyuma ya makosa yetu. Mkipewa meza, isigeuke mahali pa kuchajia simu.

Basi ndugu zetu, kabla ya Ijumaa ijayo kaeni kama familia, kila mmoja ataje jambo moja analotaka kulizoea: kuhifadhi juzuu, kufaulu mtihani, kuacha sigara, kulala mapema. Kisha tembeeni chumba hadi chumba mkiulize kila kitu kilichomo: wewe unatusaidia au unatuzuia? Kinachozuia kiondoke, hata kama ni zawadi ya harusi.

Mgeni akija akakuta madaftari mezani, atakuwa ameona pambo lililo bora kuliko maua.

Wabillahi tawfiq.